Naisi ya Bwana Shekiondo

Kijijini kwao, mgeni akisifia kitu nyumbani kwako, ni aibu kubwa asiondoke nacho. Tajiri Shekiondo alipita nyumba kwa nyumba na neno lake moja la Kiingereza, "Naisi!", akarudi na kuku, mikeka, hata mbuzi.

Siku alipoikodolea macho cherehani ya Bi Mwanaidi, mama huyo alimuwahi.

"Bwana, kabla hujalisema, hilo neno maana yake nini?"

"Nyingi! Chakula kitamu, naisi. Kitu kizuri, naisi. Hata mtu mwema, naisi."

"Mie kichwa kizito. Nifundishe kesho kwako, nijionee."

Shekiondo akavimba kichwa, akaita na majirani waje wasikie Kiingereza chake.

"Redio hii," akaanza kesho yake. "Sema naisi."

"Naisi," Bi Mwanaidi akaitikia.

"Kochi?"

"Naisi."

"Ng'ombe wangu wa maziwa?"

"Huyo ni naisi sana!"

Majirani wakapiga makofi, kisha wakamsaidia Bi Mwanaidi kubeba. Mmoja akamfungua ng'ombe.

"Kwa hiyo na mimi utanichukua?" akafoka Shekiondo.

"Wewe baki tu, bwana. Wewe sijakusifia."