Nukta Milioni Sita

Wapendwa, naona somo la leo limetuelemea. Akina baba wa benchi la nyuma wamekwisha kukunja mikono, na kwaya inatazama viatu vyake. Basi tuliweke kando kidogo, niwape mfano. Msije mkanivizia mlangoni baada ya ibada kuniuliza ni hospitali gani, maana nimeitunga mwenyewe. Na ukiona mfano umekugusa, usimtazame jirani yako.

Palikuwa na bwana mmoja katika hospitali ya huko milimani, kazi yake kupiga picha za eksirei na kuzisoma. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, na watu walimwita Mzee wa Picha. Akisema umevunjika, umevunjika. Akisema u mzima, unavaa kiatu chako unakwenda zako. Nani angembishia? Wewe mwenyewe hujawahi kujiona ndani.

Picha zake alizisoma kwenye kompyuta, na kompyuta hiyo ilikuwa inaendeshwa na Linux, ule mfumo wa bure ambao mafundi wanaupenda kwa sababu virusi havijauzoea. Skrini yake ilikuwa imechoka, pembeni ina doa la njano. Siku moja marafiki wa hospitali wakaleta skrini mpya, pana kama mlango wa kabati, ya zile zinazoonyesha kitu kwa ukali wa ajabu. Ikafanyika ibada fupi. Mchungaji akaiombea, ikawashwa, watu wakapiga makofi.

Ilikuwa kubwa, hilo halina ubishi. Lakini picha zake zilikuwa na ukungu. Mzee wa Picha aliuona ule ukungu siku ile ile, akanyamaza. Na mimi namwelewa. Umeletewa zawadi, wageni wamekaa pale na soda mkononi, utaanzia wapi kusema zawadi ina ukungu? Akashukuru, akaendelea kusoma hivyo hivyo mwezi mzima, na wote walioingia chumbani walisema, "Mzee, sasa unaona vizuri," naye akaitikia, "Tunamshukuru Mungu."

Mwisho wa mwezi akapita fundi wa kompyuta, dada mmoja wa mjini, amekuja kwa shughuli nyingine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone skrini yetu."

Yule dada akatazama mara moja tu. Akainama nyuma ya meza, akaushika waya kwa vidole viwili.

"Baba, huu si waya wa ile skrini ya zamani?"

"Ndio huo. Ulipoingia kwenye tundu, tukaona unafaa."

"Na ule uliokuja na skrini hii uko wapi?"

"Upo, upo. Matroni ameutunza kabatini, kwenye nailoni yake. Huu ukichakaa, ndio tutautoa ule."

Mnacheka. Haya, chekeni. Ni nani hapa ana vikombe vya harusi kabatini ambavyo havijaona chai tangu harusi? Ni nani kochi lake limevikwa nailoni mpaka mgeni anateleza? Sisi tukipewa kitu kizuri tunakitunza kisitufae.

Dada akasema, "Baba, waya huu ni njia ya miguu, na mnataka lori lipite. Skrini hii huchora picha kwa nukta ndogondogo milioni nane. Njia hii imepitisha milioni mbili, basi kompyuta ikakubali milioni mbili, ikanyamaza." Matroni akaja na funguo. Nailoni ikachanwa. Waya mpya ukachomekwa, dada akafungua mipangilio ya skrini, akachagua kiwango cha juu kabisa. Skrini ikawa nyeusi kwa kitambo cha pumzi moja, kisha ikarudi.

Wapendwa, sijui niwaelezeje. Palikuwa pamefunguliwa picha ya kifua cha mama mmoja aliyekuja asubuhi. Mzee wa Picha alikuwa ameona vifua maelfu, lakini hicho alikiona kama mtu anayeona kifua kwa mara ya kwanza. Aliona mishipa ya damu imetoka kwenye moyo, imegawanyika, ikagawanyika tena, ikawa myembamba, na ile myembamba nayo ikazaa mingine, mpaka ukingoni mwa pafu, wala hakuna mmoja uliopotea njia. Aliona mbavu zina nyuzinyuzi ndani yake. Na mwenye kifua hicho alikuwa nje kwenye benchi, anamenya chungwa, hana habari ya utukufu anaotembea nao.

Yule mzee akavua kofia. Akaogopa, ile hofu njema inayompata mtu akijikuta mahali patakatifu bila kupiga hodi. Akasema polepole, "Mwanangu, haya yote yalikuwa humu?"

"Yalikuwa humu, baba. Picha ilikuwa nzima siku zote."

Sasa hapo ningeishia, tungeimba, tungekwenda nyumbani. Lakini mfano haujaisha.

Nukta zilipojaa, herufi zikawa ndogo kama punje za ulezi. Majina ya wagonjwa, tarehe, vitufe vya kubonyeza, vyote vikasinyaa. Dada akasema, "Hilo nalo lina dawa. Herufi zinakuzwa peke yake, picha haiguswi. Ila programu yako ya picha ni ya zamani, haisikii amri moja, nahitaji nusu siku. Kesho kutwa nitarudi. Vumilia hizi siku mbili tu, baba." Akaondoka.

Siku mbili. Mnajua alivumilia muda gani? Hakufika saa saba mchana. Watu arobaini walikuwa mlangoni, hana nafasi ya kuvuta picha karibu kipande kipande, na kila jina lilimtaka ainame mpaka pua iguse kioo. Akaogopa asije akamwita Upendo kumbe ni Upole, akampa mtu mguu wa mwenzake. Tusimcheke, ilikuwa hofu ya mtu mwema. Alikuwa amemwona fundi anapobonyeza. Akafungua mipangilio, akashusha kile kiwango. Herufi zikanenepa, zikawa za kumfaa. Ukungu ukarudi mahali pake.

Asubuhi alivua kofia, mchana akapunguza. Nukta milioni sita alizifukuza kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaita, "Anayefuata."

Kesho yake mvua ikakata barabara ya mjini, na fundi hakuonekana wiki tatu.

Katika wiki hizo akaletwa msichana wa miaka minane, kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto. Alianguka akitoka shule, na tangu hapo mguu unauma. Baba yake alisimama mlangoni, mtu wa kazi, hana muda wa kupoteza. "Mzee, huyu mtoto mimi nadhani anadeka. Wenzake wanachota maji, yeye kila siku mguu, mguu. Niambie ukweli tu."

Mzee akampiga picha, akaitazama, akaona mfupa wa muundi umenyooka vizuri. "Mzima," akasema.

Mtoto akasema, "Lakini unauma."

Baba yake akamwambia, "Umesikia mwenyewe? Mashine imekuona." Wakaenda. Na kuanzia siku hiyo yule mtoto akapewa ndoo sawa na wenzake, asubuhi na jioni, kwa sababu sasa ilikuwa imethibitishwa kwamba ni mwongo.

Barabara ilipofunguka, fundi akaja, akakuta skrini imeshushwa. "Nani ameirudisha, baba?"

"Ni mimi, mwanangu. Herufi zilinishinda. Niliogopa majina."

Hakumkaripia, ni mtu wa umri wa baba yake. Akakaa, akafanya ile kazi ya nusu siku. Alipomaliza, nukta zote milioni nane zilikuwa zimerudi, na juu yake jina la mgonjwa limeandikwa kubwa, mpaka Mzee wa Picha angeweza kulisoma akiwa amesimama dirishani. "Picha sikuipunguza hata chembe," akasema dada. "Nimeyakuza maandishi tu."

Moyo wa mzee ulikuwa umemwambia jambo. Akaanza kufungua picha za zile wiki tatu, moja baada ya nyingine. Alipofika ya yule msichana, mkono ukasimama.

Katikati ya muundi palikuwa na mstari. Mwembamba kuliko unywele, umekata mfupa kwa mshazari. Na kila kitu pembeni yake kilikuwa kizuri mno: ncha za mfupa zilizo laini bado, zenye nafasi ya kukua, zimepangwa kwa uangalifu ambao hakuna fundi wa duniani angeweza. Katikati ya uzuri wote huo, ufa. Tarehe yake ilikuwa ile ile ya siku aliyosema "mzima."

Alikwenda mwenyewe, kwa pikipiki, akavuka mto. Alimkuta mtoto njiani na ndoo kichwani, anauburuta ule mguu. Akampokea ndoo, akamwambia asikanyage tena, akambeba mgongoni, na hivyo ndivyo walivyoingia uani kwa baba yake. Wakarudi hospitali wote watatu, na Mzee wa Picha akaiwasha ile skrini.

Baba akatazama muda mrefu. "Kumbe mashine yenu ilikuwa mbovu," akasema.

Hapo, wapendwa, palikuwa na mlango wa kutokea. Ilikuwa rahisi kabisa kusema ndiyo, mashine. Yule mzee akasema, "Hapana. Mashine ilikuwa nzima, na picha ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeipunguza, kwa sababu herufi zilinisumbua."

Mtoto alikuwa ameisogelea skrini. Akanyoosha kidole, akakiweka juu ya ule mstari. "Ni hapa," akasema. "Ndipo hapa nilipokuwa nawaambia."

Baba yake akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, mbele ya mtoto wa miaka minane. "Nisamehe, mama," akasema.

Nawauliza, na nijibuni mioyoni mwenu. Ni mara ngapi tumesema Mungu amejificha, haonekani, Neno lake ni fumbo? Mimi mchungaji wenu nasema picha ni nzima. Haijakosa nukta moja. Tena wengi wetu tumekwisha kuiona. Kuna asubuhi ulivua kofia, wewe na mimi. Labda ni siku mtoto wako alipozaliwa, labda kitandani ulipopona. Ukaona, ukatetemeka. Halafu ikafika saa saba mchana, watu arobaini mlangoni, na ule mwanga ukawa unakutaka uiname, usome taratibu, uvumilie. Ukaingia kwenye mipangilio ukashusha. Si kwa ubaya. Ulitaka tu mambo yasomeke upesi.

Kisha ukaita anayefuata. Na ukamhukumu kwa ule ukungu, ukamwambia "mzima," naye akaenda kubeba ndoo.

Mungu anayajua macho yetu. Anajua kwamba herufi zinatushinda. Lakini dawa yake haijawahi kuwa kuupunguza utukufu ili tupumzike. Anautunza wote, halafu anachukua muda wake, kama yule dada, kutukuzia maandishi mpaka mtu wa macho dhaifu aweze kusoma jina la jirani yake. Sisi kazi yetu ni kungoja siku mbili bila kugusa kitu. Ndizo zinazotushinda.

Simameni tuombe. Lakini kabla hujafumba macho, nakupa kazi ya leo, nami nimejipa. Nyumbani kwako kuna mtu aliyekwambia panauma, ukamjibu anadeka. Inawezekana ni mkeo, inawezekana ni mama yako mzee, inawezekana ni huyo mtoto uliyemwacha nyumbani achunge sufuria. Ukifika, usikae kwanza kula. Mwambie akuonyeshe tena. Na akinyoosha kidole, tazama pale anapoonyesha mpaka uone.