Wimbo Uliofika Machimboni

Kidole kikijikwaa, anayeumia ni mwenye kidole. Ulimi ukijikwaa, huumia hata mtu aliyekaa kwake akila ugali wake. Maduhu alilijua hilo tangu utotoni, lakini kujua ni kitu kimoja na kushika ni kingine.

Jumamosi hiyo Geita ilikuwa ikitokota kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Mvua za vuli zilikuwa zimechelewa, na hata jua lilipoanza kushuka, mawe ya vilimani yalizidi kutema joto usoni mwa watu. Klabu ya mbio ya mtaani kwao ilianza safari yake ya jioni: wauza duka, mafundi, wauguzi na waendesha bodaboda, wote katika fulana za kijani, wakipanda njia ya ng'ombe. Maduhu alikuwa mbele. Yeye ndiye mwimbishaji, na klabu ya mbio isiyo na mwimbishaji ni kundi la watu wanaokimbizana bila sababu.

Lakini jioni hiyo hakutulia. Siri ilimkera kama kokoto ndani ya raba. Asubuhi, shemeji yake Jilala, mume wa dada yake Esta, alimvuta nyuma ya nyumba akamnong'oneza kwamba shimo ambalo yeye na Esta walihangaika nalo tangu masika limetema. Shimo likitema, maana yake limeonyesha dhahabu.

"Leseni bado, shemeji," Jilala alisema. "Naifuata Jumatatu. Habari ikivuja kabla, wachimbaji watamiminika kama nzige, nami sina cha kuwazuia. Nakuambia wewe ili kesho uje unisaidie kulinda."

"Hilo limeishia hapa, shemeji," Maduhu alimjibu.

Sasa alikuwa akipanda kilima, akiimba huku akili iko shimoni. Aligeuza uso nyuma kuwahimiza waitikiaji, na papo hapo kidole gumba kikagonga jiwe. Akaanguka kifudifudi, puu, kama gunia la pamba.

"Jamani, mwimbaji anabusu ardhi!" Loveness, muuguzi, akaangua kicheko.

"Mwacheni, anatafuta dhahabu kwa pua!" akadakia Enock, fundi cherehani, kijana mwenye miguu mirefu na adabu fupi. Bila kuomba ruhusa, akaruka mbele na kuanzisha wimbo wake. Watu wakamwitikia. Hilo ndilo lililomchoma Maduhu kuliko ukucha uliong'oka.

"Pole, Baba Kulwa," Mama Shamimu, mwenyekiti wa klabu, alimwambia Maduhu. "Kaa hapo upumzike, tutakupitia tukirudi."

Angekaa, hasara ingekuwa ukucha mmoja tu. Hakukaa. Alifunga kamba ya kiatu, akauma meno, akawafuata akichechemea.

Njia ilishuka hadi kambi ya wachimbaji wadogo: vibanda vya turubai, mama lishe na masufuria yao, na makarasha yakisaga mawe kwa kelele. Watu walitoka vibandani kuwatazama wakimbiaji, wakampigia Enock makofi. Maduhu akaona. Akakaza mwendo, jasho likimwingia machoni, hadi akampita yule kijana.

"Leteni kwangu!" akapaza sauti.

Akaimba kuhusu wake wakali. Wachache waliitikia, tena kwa uvivu. Akaimba kuhusu mbuzi wa jirani. Hata hao wachache wakanyamaza, na Enock akaanza kuguna wimbo wake tena. Maduhu alitafuta neno, neno lolote lenye moto, na ulimi ukaliokota lile lililokuwa karibu.

"Shemeji yangu Jilala!"

"Eee!"

"Shimo lake limetema!"

"Limetema!"

"Nyuma ya kilima kile!"

"Limetema!"

Kundi zima liliwaka. Loveness alipiga vigelegele, Enock akafyata mkia, na vumbi likaruka kwa vishindo vya miguu. Kutoka mwanzo wa kambi hadi mwisho wake, Maduhu alikuwa mtemi.

Kisha karasha moja likazimwa. La pili likafuata. Kambi ikawa kimya kama ya watu waliopokea habari ya msiba, na baada ya kimya hicho zikanguruma pikipiki. Moja ilimpita karibu nusura imguse. Mchimbaji aliyepakiwa nyuma, sururu begani, aligeuka akampungia mkono.

"Wabeja, mwimbaji! Asante sana!"

Mama Shamimu alisimama, mikono kiunoni. "Baba Kulwa, ule ulikuwa wimbo au habari?"

Maduhu aliiacha njia akakata vichakani, miiba ikimchana, akikimbia kama hakuwahi kukimbia tangu azaliwe. Lakini mguu wa mtu hauipiti pikipiki.

Alipozunguka kilima, shimo la Jilala lilikuwa limeshazingirwa kama mfupa uliovamiwa na siafu. Watu walikuwa wakichomeka vijiti kugawana eneo. Esta alikuwa katikati yao, mikono kaitandaza kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama ulioanikwa, na walimpita kulia na kushoto. Jilala alikuwa ameketi juu ya kifusi.

"Leseni yako iko wapi, mzee?" mmoja alimuuliza akicheka.

Maduhu akamwendea, pumzi zikimkata. "Shemeji, nisamehe. Nilijikwaa njiani, wakanicheka, nikataka tu..."

"Walikucheka," Jilala alisema polepole, akiitazama raba iliyolowa damu. "Hao waliokucheka watarudi makwao jioni hii. Hawa ulioniletea watarudi lini?"

Kutoka ndani ya shimo, sururu zilianza kugonga kwa mpigo mmoja, na sauti nene ikapanda: "Shimo lake!" Kundi zima likaitika: "Limetema!" Esta akaziba masikio. Maduhu alifungua kinywa awanyamazishe, lakini wimbo ulikuwa umeshapata wenyewe wengine.

Kidole chake kilipona kabla ya mvua kunyesha. Imani ya Esta na Jilala kwake haikurudi, wala shimo halikurudi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.