Mbegu Chini ya Mtungi

Sogeeni mnisaidie, maana kuna mabinti watatu wa nyumba moja na nafasi ni moja.

Mwajabu, mkubwa, alijaliwa miguu isiyoteleza. Hidaya alijaliwa mikono. Hata kijiti kikavu kwake huchipua. Mishi, kitindamimba, alijaliwa macho ya kuona jambo dogo, ingawa kwa miaka minne hakuvuka ua. Mama yao alipooza, na hakugeuka kitandani bila Mishi.

Bustani ya miti ya asili, mbali na kwao, ilitangaza kwamba atakayeleta miche ya mkulo, mti uliomalizwa na misumeno, ataajiriwa na kufundishwa kazi. Mtu mmoja tu.

Mwajabu akaingia msituni siku tatu. Akaukuta mkulo mmoja ukingoni mwa genge, akajifunga kamba, akachuma mbegu. Alikuwa na haraka. Baba alikwisha kupokea mahari yake kwa mwanamume ambaye Mwajabu hakumtaka, na harusi ilingoja mwaka mmoja tu.

Mbegu wakazianika juu ya moshi wa jiko, kama za mahindi. Hidaya akazipanda, wakangoja wiki saba. Haikuota hata moja.

“Umeziua,” Mwajabu alisema.

“Kwani mimi nilizianika peke yangu?”

Mishi alikuwa akimlisha mama uji. “Dada zangu, zilizodondoka pale chini ya mtungi wa maji zimechipua. Hizi hazitaki kukauka.”

“Umejuaje?” Mwajabu aliuliza.

“Nazitazama kila siku. Nitatazama nini kingine humu ndani?”

Zilikuwa kumi na moja. Hidaya akazihamishia kwenye kivuli cha mgomba, na kila alfajiri kwa miezi minane akaokota konokono kwa mkono. Hakufa mche hata mmoja.

Walipopeleka habari, Bwana Shekiondo wa bustani akaja na fomu. “Jina moja, wanangu.”

“Bila miguu yangu mngepanda nini?” alisema Mwajabu. “Nisipoondoka, Ijumaa naozwa.”

“Kazi yenyewe ni kulea miche,” alisema Hidaya. “Nani hapa anaiweza?”

Aliyemsemea Mishi ni mama, kwa ulimi mzito: “Mwandikeni Mishi.”

“Na wewe atakugeuza nani, mama?” Hidaya aliuliza.

Mama akafumba macho.

Bwana Shekiondo bado ameshika kalamu. Pokea wewe. Ungeandika jina la nani, na wale wawili wanaobaki ungewatazama vipi usoni?