Kwa Nini Waziri Mkuu Hajazi Baraza kwa Wakwe

Sogeeni ndani, msikae mlangoni. Mnaona siku hizi waziri mkuu akichagua mawaziri wake anaokota mmoja huku, mmoja kule, hata yule aliyekuwa anamsema vibaya naye anaitwa. Watu wanashangaa. Mimi sishangai, maana najua ilikotoka. Zamani haikuwa hivyo.

Zamani hizo, katika nchi ya Kwembosi, mfalme alikuwa Semkiwa, mzee aliyekwisha choka. Kazi ya kuchagua mawaziri alimwachia waziri mkuu wake, jina lake Mndolwa. Mndolwa hakuwa mtu mbaya, niseme mapema. Alikuwa mtu wa kuogopa maneno tu. Kwao walikuwa wamegombana ndugu kwa ndugu mpaka hawaombani moto, na yeye kakulia katikati ya kelele zile. Kwa hiyo alipopewa nafasi, akatafuta watu ambao hawatambishia. Na nani duniani hakubishii? Mume wa binti yako.

Mabinti alikuwa nao wengi, wote wameolewa. Akawachukua waume zao, huyu akampa mipaka, huyu maji, huyu mifugo. Mume wa Nanzia, kijana mpole aitwaye Mhina, akapewa ghala la mbegu.

Sasa wale watu walikuwa na heshima ya wakwe, si hii yenu ya kupigiana simu na kuchekeana. Mwanamume akimwona baba mkwe wake anakuja, anatoka njiani na kugeuza uso. Wakikutana ndani, anainama. Na kubwa kuliko yote, hataji chakula mbele yake. Hasemi njaa, hasemi nafaka, hata kusema ameshiba hasemi. Maana kutaja chakula mbele ya baba wa mkeo ni kama kusema nimeshindwa kumlisha mwanao. Ukifanya hivyo mke anachukuliwa, anarudi kwao na watoto.

Basi baraza likawa kimya. Mndolwa anasema, wakwe wameinama. Anauliza kama kuna neno, hakuna. Akitoka pale anamwambia mfalme nchi imetulia, na alikuwa anaamini. Mtu aliyekulia kwenye ugomvi akikuta kimya anadhani ni amani. Mimi ugomvi wa ukoo wetu huu nimeutunza wote kichwani, nani alimnyima nani kitoweo na wifi gani alihama kwa sababu ya kinu. Nawaambieni, wanaogombana bado wanaongea. Wakinyamaza ndiyo uogope.

Katika kimya kile Mndolwa akatoa amri mbegu zote za nchi, mtama na kunde, zikusanywe kwenye ghala moja, watu wasije wakazila kiangazi. Wazo lenyewe halikuwa baya. Watu wakapeleka. Lakini dumuzi, wale wadudu wanaotoboa nafaka, wakaingia ghalani. Siku Mhina alipofunua vilindo, yale makasha ya magome ya kuwekea mbegu, akatia mkono na kutoa unga mtupu.

Mawingu yalikwisha anza kujikusanya mlimani. Mvua ikinyesha na nchi haina mbegu, hakuna kupanda, na pasipo kupanda ni kuzika watoto. Mhina alilijua hilo. Lakini atamwambiaje baba mkwe? Akawaeleza mawaziri wenzake, na wao ni wakwe vilevile, wakatazama chini. Akamwomba mkewe aende. Nanzia akamwambia, "Mume wangu, nikienda kwa baba nikataja chakula, watasema hunilishi. Sirudi tena hapa." Wakakaa pale wawili, kila mmoja anamwonea mwenzake huruma.

Kipindi hichohicho akafa mzee Kilua, yule mshenga aliyewapeleka vijana wote wale kuposa kwa Mndolwa. Msibani wakaja Wambwego, watu wa upande wa pili wa bonde, watani wa ukoo wa Mndolwa. Hao kwenye baraza hakuchaguliwa hata mmoja, maana Mndolwa alikuwa anaukimbia mdomo wao. Lakini msibani humfukuzi mtani. Mtani ndiye anayechimba kaburi, na mtani ndiye anayemcheka mfiwa mpaka machozi yakauke, na atakayekasirika ndiye mwenye aibu.

Aliyewatangulia alikuwa mama mmoja mnene aitwaye Namkunda. Mhina akamwendea jikoni alikokuwa anachota maji. Alimshika mkono akamwekea ule unga kiganjani, pamoja na dumuzi wake. Namkunda akautazama, akamtazama na yule kijana alivyokonda, akaelewa.

Akatoka uwanjani mbele ya watu wote. Akaenda pale walipokaa mawaziri, akachuchumaa katikati yao, akajifunika nguo kichwani na kuinamisha uso kama wao. Watu wakaanza kucheka. Mndolwa naye akatabasamu kidogo. Ndipo Namkunda akainuka, akamfuata na kummiminia ule unga kwenye kiganja.

"Shika mbegu zako, bwana mkubwa," akamwambia. "Leo tunamzika Kilua peke yake. Mvua ikija tutazikana wote, na hawa wakwe zako watakuja kaburini wameinama vilevile."

Kicheko kikakatika. Mndolwa aliutazama ule unga, dumuzi mmoja akawa anatembea kwenye kidole chake. Akauliza taratibu, "Nani alikuwa anajua?"

Akawatazama wakwe zake, na wote walikuwa wanaangalia chini, na safari hii akaona kwamba ile haikuwa heshima tu. Walikuwa wanajua wote. Akamgeukia Namkunda, akamwomba amwambie Mhina ainue uso.

"Mwambie mwenyewe," Namkunda akasema. "Mimi leo nimekuja kuzika."

Mndolwa akavunja ule mwiko wa wakwe mbele ya watu. Akasema, "Mwanangu Mhina, inua uso. Mke ni wako, hakuna wa kumchukua. Sema."

Mhina akasema. Alisema mtama, akasema kunde, akasema njaa, na kila neno lilivyotoka, mabega yake yakawa yanashuka. Nanzia alikuwa amesimama na wanawake, analia bila kujificha.

Namkunda akawaacha wamalize, kisha akasema, "Na sisi tuna letu. Zile mbegu mlizotuagiza tulete, tulileta nusu. Nusu ipo darini kwetu, inakula moshi, dumuzi hawaisogelei. Tungewekaje mbegu zote kwenye ghala ambalo mwenyewe hana wa kumkatalia? Njooni mchukue, ila mkija msije mmeinama, ngazi zetu ni mbovu."

Pale msibani watu walicheka kuliko harusini. Mbegu zikashushwa madarini, zikagawanywa nyumba kwa nyumba, na mvua ilipoteremka ilikuta mashimo yana kitu ndani yake.

Mndolwa akaenda kwa mfalme akasema, niruhusu nichague upya. Wakwe akawarudisha majumbani, nao walishukuru. Nanzia alisema usiku ule mumewe alilala mpaka jua likamchoma mguu. Ghala akampa Namkunda. Namkunda akamuuliza, "Na nikikukataza?" Mndolwa akajibu, "Ndicho ninachokuitia."

Na tangu siku hiyo, waziri mkuu akikaa kuchagua mawaziri hawezi kuokota wa nyumbani kwake tu. Lazima avuke bonde, amtafute na yule mwenye ulimi. Mkisikia barazani wanabishana na kuchekana, msiogope, wanangu. Laleni. Mbegu zipo.