Pipa la Maua Mlangoni kwa Nakijwa

Pipa husifiwa kiangazi. Neno hilo mmelisikia asubuhi kwa mama yenu, naye kalitupa akaenda zake sokoni, maswali mkaniletea mimi. Haya, kaeni mnisaidie kupukuchua mahindi haya. Asili yake ni hii.

Huko tambarare, chini ya milima ya Upare, aliishi mwanamke aitwaye Nakijwa na mumewe Senkondo. Kando ya nyumba alikuwa na kibustani cha mchicha, mnavu na nyanya. Mwaka huo binti yao Eliwaza alichumbiwa, na wakwe wakatuma neno kwamba vuli ikiisha watakuja kupaona kwao binti. Tangu siku hiyo Nakijwa hakupata usingizi mzuri. Kila alichokitazama alikiona kwa macho ya wakwe.

Bati la nyumba yao lilimwaga maji upande wa mbele tu, kwa hiyo pipa la kukingia mvua lilipaswa kukaa mlangoni. Senkondo alileta moja la chuma, halivuji, ila lina kutu na limebonyea ubavuni. Nakijwa alishika kichwa.

"Baba Eliwaza, wakwe wapite hapa? Watasema mwanangu katoka jalalani!"

Akazunguka minadani kutafuta pipa la kupendeza. Hili rangi yake kali mno, lile refu kama mlingoti, la udongo lina ufa. Mawingu yakaanza kupanda. Mwishowe akanunua rangi ya mafuta, akalipaka lile lile la mumewe, jeupe lote, na maua mekundu kulizunguka. Lilipendeza, siwafichi. Lakini hewa ilikuwa nzito, rangi ikagoma kukauka. Aligusa, akangoja, akagusa tena, na kidole kikarudi cheupe.

Alasiri moja mvua ikashuka. Nakijwa akalikumbatia pipa lake, akaliburuta ndani.

"Mama Eliwaza," mumewe akasema, "pipa la maji unalikimbiza maji?"

"Rangi itachuruzika! Na hii ni mvua ya kuosha bati. Nani anakinga ya kwanza?"

Ni kweli, kwetu mvua ya kwanza haikingwi. Huachwa iondoe vumbi na mavi ya ndege.

"Lakini hii ni kubwa, mke wangu."

"Kesho itakuja nyingine."

Senkondo akamwachia, maana mila ilikuwa upande wa mkewe. Mvua ikapiga hadi jioni, maji yakateremka njiani yakaenda zake.

Kesho haikuja, wala kesho kutwa. Rangi ilikauka, pipa likatolewa, likasimama mlangoni linang'aa. Kila alfajiri Nakijwa alitoka kutazama mbingu, na kila alfajiri alirudi ndani bila kusalimia mtu. Nyanya alizinywesha maji aliyooshea vyombo. Hazikupona. Vuli nzima ikapita hivyo, naye akakonda.

Wakwe wakafika, vumbi hadi magotini. Nambua, mama wa kijana, alisimama mlangoni.

"Loo! Pipa zuri hili! Nani kalipamba?"

Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi Nakijwa alitabasamu. Nambua akachukua kata ukutani ili anawe miguu, akafunua kifuniko, akachota. Kata ikagonga chuma, ngo!

Nakijwa alitamani ardhi ipasuke immeze. Nambua alitazama ndani ya pipa, kisha akatazama bustani iliyokauka. Hakucheka. Akarudisha kata mahali pake, polepole.

"Mkwe wangu, nimefanya haraka kulisifu. Pipa husifiwa kiangazi, na kiangazi ndicho hiki."

Posa haikuvunjika, msiwe na hofu. Lakini siku ya harusi mboga zote zilitoka bustanini kwa Nambua, na Nakijwa alizipika bila kuinua uso.

Ndiyo maana kwetu mtu akikuonyesha chake kinachong'aa, hatumbishii wala hatumshangilii. Tunangoja. Pipa husifiwa kiangazi.