Sanduku Lililonyoosha Mkono

Asubuhi katika nchi ya Borabu huanza na ukungu. Hutanda juu ya mashamba kama shuka iliyoanikwa, hata ng'ombe huonekana migongo tu, na mgongano wa mikebe ya maziwa husikika kabla anayeibeba hajaonekana. Miaka michache baada ya uhuru, walowezi walipokwisha kuondoka na mashamba yao makubwa kugawiwa familia za Wakisii, wakazi wapya wa Nyansiongo, huko huko Borabu, walikuwa na mlio mwingine waliouzoea katika ukungu huo. Ulikuwa mlio wa kengele ya baiskeli. Waliposikia, walijua kwamba Ombui amefika.

Ombui alikuwa tarishi. Chama cha wakulima ndicho kilichomwajiri. Basi lilileta mfuko wa barua hadi sokoni, naye akazichambua, akautia mfuko begani, akazipeleka lango hadi lango. Katika nchi ile ya wageni watupu, ambapo kila mtu alikuwa ameacha wazazi wake Kitutu au Nyaribari, na wana wao wakatawanyika kutafuta kazi Kericho, Kisumu na Mombasa, barua ilikuwa kama maji kwa mwenye kiu. Wasiojua kusoma aliwasomea palepale langoni. Habari ikiwa njema, alisoma kwa sauti ya kusikika hata ng'ambo ya ua. Ikiwa mbaya, aliinama na kusoma polepole, na hakuondoka upesi.

Kati ya barabara na ua wa kila shamba kulikuwa na mtaro mpana wa kupitishia maji. Kwa Ombui mtaro huo haukuwa kitu. Aliegemeza baiskeli, akauruka kama swala, akarudi akipiga mbinja.

Masika ya mwaka wa sitini na saba yalimkatiza mbinja yake. Akiteremka mlima kuelekea mtoni, breki zilikataa kushika kwa sababu ya tope, na baiskeli ikamtupa juu ya magogo ya daraja. Goti la kulia likasagika. Alilazwa katika hospitali ya misheni kwa miezi mitatu, na waganga wakafanya yote waliyoweza. Mguu ulipona, lakini goti halikukunjika tena. Ukabaki umenyooka kama mchi wa kinu.

Alirudi nyumbani kwa mkongojo. Mkewe, Mong'ina, ambaye wakati huo alikuwa na mimba ya mtoto wao wa pili, alimpokea kwa uji wa wimbi na maneno machache. Bonareri, binti yao mdogo, aliugusa ule mguu kwa kidole kimoja, akauliza kama ni wa mti.

Haukupita muda mrefu kabla mwenyekiti wa chama, Bwana Andrew Omwenga, hajafika kumjulia hali. Alikuwa mtu mpole, na hakuyatoa maneno aliyokuja nayo hadi chai ilipokwisha. Alieleza kwamba kamati ingesubiri hadi mwisho wa mwaka. Baada ya hapo, kila mkulima angeifuata barua yake sokoni mwenyewe.

"Hatukufukuzi, Ombui," alisema hatimaye. "Ila barua hazina miguu."

"Hata mimi ninao mmoja tu," Ombui akajibu, na wote wawili wakacheka kwa sababu hawakuwa na jambo jingine la kufanya.

Jioni hiyo alikaa nje akiitazama baiskeli yake iliyopinda. Hakuwaza mshahara sana. Aliwaza juu ya Mama Tryphosa, mjane aliyekaa shamba la mwisho kabisa, mgongo umepinda kama mundu, ambaye mwanawe wa pekee alifanya kazi ya reli. Nani angemsomea? Angefikaje sokoni?

Mong'ina alikuja akaketi kando yake. "Baba Bonareri," alisema, "punda tunaye, na mkokoteni tunao. Kila siku tunapeleka maziwa."

Ombui alisema hajapata kuona tarishi wa mkokoteni.

"Maziwa yanafika salama. Kwani barua ni nzito kuliko maziwa?"

Basi wakaanza. Asubuhi walipeleka maziwa sokoni, na wakati wa kurudi walipitisha barua. Ombui alishika hatamu, mguu wake umenyooshwa mbele kama bunduki, na kila walipofika langoni Mong'ina aliteremka, akauvuka mtaro, akapeleka barua, akarudi. Njiani walizungumza. Waligundua kwamba tangu waoane hawajapata kukaa pamoja saa nyingi namna ile bila mtoto, jembe au ng'ombe kuwakatiza. Ombui aliwahi kumwambia mkewe kwamba lile goti limemrudishia uchumba. Mong'ina akamjibu kwamba uchumba huo una matope mengi.

Lakini mimba haikai pale pale. Siku moja, mbele ya lango la Mama Tryphosa, Mong'ina aliteleza akaketi kitako ndani ya mtaro. Alicheka. Alipopanda tena mkokotenini, Ombui aliona amelishika tumbo kwa mikono miwili, akaelewa kwamba kicheko kile kilikuwa cha kumfariji yeye. Kesho yake akamkataza kuteremka. Akajaribu kushuka mwenyewe, mkongojo ukazama topeni, akaanguka kifudifudi, na barua za watu zikaelea majini kama majani makavu.

Waliziokota pamoja. Walipofika nyumbani Ombui alisema imetosha. Angemwambia Omwenga atafute mtu mwenye miguu miwili. Mong'ina aliendelea kuzianika barua karibu na moto, moja moja.

"Wewe huwezi kulifuata lango," alisema. "Basi lango likufuate wewe."

Wazo hilo walilipeleka kwa Makori, mhunzi wa sokoni. Makori na Ombui walitahiriwa msimu mmoja, na kwa Wakisii udugu huo haufutiki. Kwanza Makori alitengeneza masanduku ya mbao, akayasimamisha kando ya barabara, upande huu wa mtaro. Yalipendeza kwa siku chache. Ng'ombe wakayafanya mahali pa kujikunia. Lori la maziwa likapangusa moja. Kisha tingatinga la kusawazisha barabara likapita, likayabeba yaliyobaki bila hata kupunguza mwendo.

Ilikuwa wazi kwamba nguzo lazima isimame ng'ambo ya mtaro, uani, na sanduku pekee lije barabarani. Lakini lije vipi? Tena Ombui aliketi juu mkokotenini, na Mama Tryphosa alikuwa mfupi. Kilichomfikia mmoja hakikumfikia mwingine.

Jibu lilitoka kwenye pareto, zao la maua ya dawa ya wadudu. Mong'ina alikuwa amepeleka maua yake makavu chamani, akasimama kwenye foleni akiutazama mzani. Ulikuwa mzani wa kuning'inia, wenye ufito mrefu wa chuma. Upande mmoja gunia, upande mwingine jiwe dogo la uzani ambalo karani alilisogeza pengo kwa pengo hadi pande zote mbili zikatulia. Kisha ukiusukuma kwa kidole, unapanda au unashuka kwa utiifu. Mong'ina hakungoja hata zamu yake. Aliliacha gunia kwa jirani, akaenda moja kwa moja kwa Makori, akachukua kijiti, akachora mavumbini: nguzo, juu yake ufito unaozunguka, upande mmoja sanduku, upande mwingine jiwe.

Makori aliutazama mchoro, akasema, "Shemeji, ningekuoa mimi."

Sanduku la kwanza la namna hiyo walilisimamisha kwa Mama Tryphosa, kwa kuwa lango lake ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Makori alikuwa amefunga jiwe la mtoni kwa waya, likabana sawasawa. Ombui alilivuta sanduku kwa mpini wa mkongojo wake, akatia barua, akaliachia. Jiwe lilikuwa zito mno. Sanduku liliruka juu ya ua, likabaki huko angani likiyumbayumba. Mama Tryphosa alisimama chini yake, mkono kwenye paji la uso, kama anayemtazama mwewe.

"Mwanangu," aliuliza kwa upole, "barua yangu umempelekea nani, Mungu?"

Habari hiyo ilifika sokoni kabla ya punda. Kwa juma zima watu walimwuliza Ombui kama twiga wake amekula.

Wakapunguza jiwe, na mambo yakatengemaa. Kisha mvua ikanyesha siku nyingi mfululizo. Mbao zikanywa maji, sanduku likawa zito, likainamia mtaroni usiku kucha na barua ndani yake. Ilikuwa barua ya yule mwana wa reli. Ombui alipoifungua kumsomea mama, wino ulikuwa umetiririka nusu ya ukurasa. Aliona haya. Angaliweza kubuni maneno, maana alijua jinsi wana wanavyowaandikia mama zao, lakini hakuthubutu.

"Yameharibika, mama. Kosa ni langu."

"Soma yanayosomeka," alisema Mama Tryphosa. "Yaliyobaki nitayakisia. Huyo nilimzaa mimi."

Ombui akasoma salamu, habari ya kikohozi kilichokwisha kupona, na mwisho wake jina. Katikati, palipofutika, alinyamaza, na bikizee akaitikia kwa kichwa taratibu kana kwamba anasikia. Ombui alirudi nyumbani akiwa ameazimia jambo lililo kinyume cha kukata tamaa. Mtu aliyemwamini kiasi kile, hakuweza kumwacha.

Alimwambia Makori kwamba kasoro haikuwa katika mchoro wa Mong'ina, ila wao hawakuufuata hadi mwisho. Mzani wa pareto haukuwa na jiwe lililofungwa pahali pamoja, jiwe lilisogea. Basi wakaanza upya. Walichimbua bomba la maji lililoachwa na mlowezi, Makori akalikata mapengo kwa tupa, mstari mzima kama meno ya msumeno. Badala ya jiwe alining'iniza jembe lililochakaa, likiwa na ndoano ya kulihamishia pengo hadi pengo. Sanduku lenyewe akalifanya kwa debe, akaliezeka paa dogo la mgongo wa tembo ili maji yateleze. Juu ya nguzo akatia pete ya chuma na grisi. Mvua ikinyesha au kifurushi kikiwa kizito, ulihamisha jembe pengo moja nyuma; sanduku likiwa tupu, ulilirudisha. Ombui alilinasa sanduku kwa mkongojo, likamjia hadi kifuani pale alipoketi. Alipolisukuma, lilivuka mtaro likienda kwa mwenyewe. Naye Mama Tryphosa alivuta uzi uliofungwa kwenye sanduku, likamshukia polepole mpaka usawa wa macho yake, akalifungua mwenyewe bila kumwomba mtu.

Alilifunga, akalifungua tena. Halafu akalifunga tena. Ombui alimwona akilipangusa lile debe kwa upindo wa kanga yake, kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Mwaka ulipokaribia kwisha, Bwana Omwenga alipanda mkokotenini kushuhudia kwa niaba ya kamati. Mvua ilimnyeshea kutoka soko hadi shamba la mwisho. Mbele ya lango la Mama Tryphosa aliomba aushike mkongojo yeye. Akalivuta sanduku, akalisukuma, akalivuta tena, hadi punda akachoka kungoja. Kamati ilipokutana, hoja ya kuisimamisha kazi ya tarishi haikupata hata mtu wa kuitamka. Kilichojadiliwa ni lango la nani litangulie. Watu wakaleta mabomba yao, majembe yao mabovu na madebe yao kwa Makori, na nyundo yake haikupoa ila siku ya Jumapili.

Mong'ina alijifungua mtoto wa kiume siku chache kabla ya Krismasi. Ombui alitaka kubaki nyumbani, lakini mkewe alimwambia kwamba kadi za watu zimejaa mfukoni, na mtoto hatakimbia. Akaenda, moyo ukiwa nyuma.

Katika lango la kwanza alinasa sanduku, akashangaa, lilikuwa zito. Alipofungua alikuta mayai yamefunikwa kwa majani ya mgomba. Akadhani wamesahau, akaita. Sauti ya mwanamke ikamjibu kutoka ndani ya ukungu kwamba hayo ni ya Mama Bonareri. Katika lango la pili kulikuwa na kibuyu cha samli. La tatu lilikuwa na unga wa wimbi, na la mbele yake kuku amefungwa miguu, akimkodolea macho ya hasira. Hakuteremka hata mara moja. Lango baada ya lango, mkono wa chuma ulivuka mtaro, ukapokea barua na kumwachia zawadi, hata mikebe mitupu ya maziwa ikakosa nafasi, ikabidi aifunge ubavuni mwa mkokoteni.

Katika shamba la mwisho alikuta blanketi dogo la sufi, lililofumwa na mikono ya mtu asiyeona vizuri, mishono ikipanda na kushuka. Mama Tryphosa alisimama nyuma ya ua akishikilia uzi.

"Limefika?" aliuliza.

"Limefika, mama."

Ombui alilikunja lile blanketi, akalitia ndani ya koti lake lisiloe. Akamgeuza punda kuelekea nyumbani, mguu wake mgumu umenyooka mbele katikati ya zawadi za watu, na kwa mara ya kwanza tangu masika yale, watu wa barabara ile wakasikia mbinja ikipita katika ukungu. Hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.