Ndama Mmoja na Macho ya Sechelela

Haya, sogeeni. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana mwishoni nataka jibu la kila mtu.

Palikuwa na Sechelela, mshona shanga wa Ugogoni. Macho yalipoanza kumwasha alilaumu moshi wa kuni. Marehemu mama yake naye alilaumu moshi, mpaka akapofuka. Kwa hofu hiyo Sechelela akaweka nadhiri: "Atakayeniokolea macho, nampa ndama wangu." Na ndama alikuwa naye mmoja tu.

Wifi yake Nyemo alijaliwa jicho la kuchunguza. "Wifi, moshi gani huo?" akamuuliza. "Wiki nzima napika mimi, wewe jikoni huingii, na matongotongo hayaishi." Akamshika mkono hadi zahanati, Sechelela akinung'unika njia nzima.

Pale alikuwapo tabibu Lemanya, aliyejaliwa mkono mwepesi. Alikunjua kope, akakwangua kidogo kwa ndani, akapaka alichokwangua kwenye kipande cha kioo. "Pole mama, tumemaliza." Sechelela alikuwa bado anajiandaa kulia.

Kioo kikaenda kwa Mbeleje wa maabara, na huyu alijaliwa subira. Alijua kwamba bakteria wa vikope, ugonjwa unaopofusha macho, huingia ndani ya seli ya jicho, hujitengea chumba, kisha huchukua sukari ya mwenyeji na kuiweka akiba kama wanga. Mgeni gani huyo, jamani, anajaza ghala kwa chakula cha mwenye nyumba! Mbeleje akadondosha iodini, ile ile inayobadili rangi ya muhogo darasani, akainamia hadubini. Alipitia kioo kizima, hola. Akarudia, hola. Mara ya tatu akaona doa la kahawia ndani ya seli moja. Ghala lilikuwa limefichuka.

"Ni vikope," akasema, "na dawa ipo."

Sechelela akameza dawa. Baada ya wiki kadhaa akatunga shanga ndogo kuliko zote bila kukosea, akaketi chini akalia kwa raha. Jamani, alikuwa amepona.

Akamtoa ndama.

"Bila mimi angekuwa bado analaumu moshi," akasema Nyemo.

"Bila mimi kioo kingekuwa kitupu," akasema Lemanya.

"Mlileta kioo tu," akasema Mbeleje. "Aliyemwona mwizi ni mimi."

Sechelela akawatazama mmoja mmoja, anawaona vizuri kabisa, na wote watatu anawapenda. Kamba ingali mkononi, na ndama hagawanyiki. Je, wewe ungemkabidhi nani?